RWENZORI: MILIMA ISIYOTULIA

Somo la matetemeko ya ardhi wengi wetu hulikariri kwa ajili ya mtihani, kisha tukalisahau. Leo hebu tulitazame upya.

Twende Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kilele chake, Margherita, kina urefu wa mita 5,109. Je, mlima huu ni wa volkeno kama Kilimanjaro? La, hasha! Ni pande kubwa la mwamba wa kale lililoinuliwa kati ya nyufa za tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Huko gamba la dunia linavutwa pande mbili, milimita chache tu kwa mwaka. Mwamba hukaza kama mpira wa manati. Ukishindwa kuvumilia, huteleza ghafla kwenye ufa, na ardhi ikatetemeka.

Mitambo ya wataalamu imewahi kunasa mamia ya matetemeko madogo huko kwa mwezi mmoja. Nilipomweleza rafiki yangu, alicheka: "Si afadhali! Yakitoka madogo madogo, kubwa halitakuja."

Ndugu zangu, hapo ndipo tunapokosea. Kila hatua moja ya kipimo huongeza nguvu mara 32 hivi. Tetemeko moja la kipimo cha 6 lina nguvu ya yapata matetemeko 1,000 ya kipimo cha 4. Basi hayo madogo hayawezi kulipa deni lote. Ushahidi upo: tarehe 20 Machi 1966, kabla ya mapambazuko, eneo la Toro lilitikiswa na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 5 Februari 1994 likaja jingine la kipimo cha 6.2 karibu na Fort Portal.

Nasi Wakenya tusijione tuko salama. Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la kipimo cha 6.9 hivi lilipasua ardhi huko Subukia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Rwenzori hakuna wa kuuziba. Kazi yetu ni huo ukuta. Mara nyingi kinachoua si mtetemo wenyewe bali nyumba inayoanguka. Kuta zifungwe kwa mshipi wa saruji na vyuma, na paa liwe jepesi. Ardhi ikitikisika ukiwa darasani, usikimbilie ngazi: ingia chini ya dawati imara, ukinge kichwa. Ukiwa nje, kaa mbali na kuta na nguzo za umeme. Ukiwa mlimani, jihadhari na maporomoko.

Maswali
1. Kwa nini Rwenzori si mlima wa volkeno?
2. Mjibu rafiki yangu kwa hesabu.
3. Kagua bweni lenu: ni kitu gani kinaweza kuwaangukia usiku?

Swali la tatu halina alama, lakini ndilo kubwa kuliko yote.