Kompteri ya Umeme ni Kipima Homa cha Nyumba: Tujifunze Kuisoma



Katika lupitalo, kila asubuhi tunapita kwa kila mgonjwa na kipima homa, na tunaandika namba kwenye karatasi yake. Namba moja peke yake haisemi mengi. Lakini namba za siku tano zikifuatana, zinasema: huyu anapona, huyu anazidi, huyu ana ugonjwa ndani ambao bado hatujauona.

Nyumba yako nayo ina kipima homa. Kiko ukutani: ni kompteri ya umeme. Wengi wetu tunaiangalia siku mbili tu, siku ya kulipa na siku ya giza. Leo tujifunze kuiangalia kila siku. Si kwa ajili ya franka peke yake. Ni kwa ajili ya uhai wa watu wa nyumba.

1. WAYA YA NGUO

Wakati mmoja wa mvua walituletea mama mmoja, bibi wa mfanya kazi wa posti ya usiku. Alikuwa akianika nguo. Waya ya nguo ilikuwa ya chuma, imefungwa kwenye bati la nyumba. Alipoishika kwa mikono yenye maji, alitupwa chini na kiganja chake kikaungua. Kwa neema ya Mungu, moyo wake haukusimama.

«Munganga, ni waya ya nguo imenipiga,» alisema, kama mtu mwenye kuona haya.

Nilimwuliza bwana wake: «Baba, mbele ya hapo hamkuona alama yoyote?» Alisema hapana. Kisha akafikiri kidogo, akasema: «Labda ile ya kompteri. Umeme tunaonunua kwa mwezi mzima ulikuwa unaisha siku ya ishirini. Mimi niligombeza watoto, nikifikiri wanaacha frigo wazi.»

Fundi wa umeme alikwenda kuangalia. Alikuta waya iliyopeleka umeme kwenye chumba cha nyuma imesuguana na bati mpaka ngozi yake imekwisha. Kila mvua iliponyesha, umeme ulipita kwenye bati na kwenye ukuta wenye maji, ukaingia udongoni, mchana na usiku. Kompteri ilihesabu yote. Ilisema kwa majuma mengi, lakini hakuna mtu wa nyumba ile aliyejua kusoma maneno yake.

2. NAMBA ZA KOMPTERI ZINASEMA NINI?

Umeme wa Katanga ulijengwa kwanza kwa ajili ya shaba. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ilianza mwaka 1930. Baadaye zilikuja Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, na mwaka 1982 ukafika umeme wa Inga kwa waya zenye urefu wa kilometa kama 1.700. Tangu zamani, kiwandani hakuna mtu anayeendesha mashini kubwa bila kuangalia sindano ya kipimo. Kwa nini basi nyumbani tunaendesha resho, frigo na pasi kwa macho yaliyofungwa?

Kuna maneno mawili ya kujua.

WATI ni nguvu ambayo chombo kinavuta sasa hivi. Imeandikwa nyuma au chini ya chombo, kwa herufi W.

KILOWATI-SAA ni umeme uliokwisha kuliwa. Chombo cha wati 1.000 kikifanya kazi saa moja, kimekula kilowati-saa moja. Hiyo ndiyo kompteri inahesabu, na ndiyo unalipa.

Tufanye hesabu:

– Resho ya wati 1.500, saa 2 kwa siku: kilowati-saa 3.
– Pasi ya wati 1.000, nusu saa: 0,5.
– Televisheni ya wati 80, saa 5: 0,4.
– Ampuli ya LED ya wati 9, saa 5: 0,045.

Umeona? Resho ya siku moja inakula sawa na ampuli ile kwa siku zaidi ya 60. Kwa hiyo usigombane na mtoto anayesoma usiku chini ya ampuli moja. Kila chombo kinachotoa moto ndicho mlaji mkubwa.

3. KUANZA: DAFTARI NA KALAMU

Kazi ya kwanza haihitaji kununua kitu. Chukua daftari, lifunge kwa kamba karibu na kompteri. Kila siku, saa ile ile, andika namba. Kazi hii mpe mtoto wa shule mwenye kuandika vizuri. Asome kwa macho tu, asiguse kitu.

Kompteri ya zamani yenye kisahani, namba zake zinapanda. Siku ya kwanza umeandika 4.218,6. Siku ya pili 4.225,1. Toa: nyumba imekula 6,5.

Kompteri ya kulipa mbele, namba ya akiba inashuka. Jana 42,0, leo 35,5: imekula 6,5 vilevile. Siku ya kununua, andika pia umeme ulioongeza, hesabu isipotee.

Baada ya majuma mawili utajua desturi ya nyumba yako. Tuseme ni kati ya 6 na 7. Siku moja ikifika 10, usiogope. Jiulize: tulipiga pasi nguo nyingi? Tulipokea wageni? Umeme ulikatika siku ya mbele? Lakini ikibaki 10 siku tatu, nne, bila sababu unayoijua, nyumba ina homa. Tafuta ugonjwa.

4. KUHESABU TAA INAYOPEPESA

Kompteri nyingi za sasa zina taa ndogo nyekundu inayopepesa. Karibu nayo imeandikwa, kwa mfano, 1000 imp/kWh. Maana yake: ikipepesa mara 1.000, kilowati-saa moja imeliwa. Yako inaweza kuwa na namba nyingine; soma vizuri.

Shika saa. Hesabu mipepeso ya dakika moja. Kwa kompteri ya 1.000, zidisha kwa 60. Ukipata mipepeso 30, basi nyumba inavuta wati 1.800 wakati huo. Zima resho, hesabu tena. Ukipata 5, nyumba inavuta 300, na wati 1.500 zilizotoka ni za resho. Hivyo umepima chombo bila kugusa waya hata moja.

5. JARIBIO LA USIKU

Jaribio hili lingeweza kumkinga yule mama. Lifanye mara moja kwa mwezi, na wakati wa mvua kila juma.

a) Vaa viatu vikavu. Mikono iwe mikavu.
b) Zima ampuli zote. Toa vyombo vyote kwenye prizi, hata frigo, kwa nusu saa.
c) Angalia kompteri dakika kumi.

Taa isipopepesa, au kisahani kikisimama, ni vizuri.

Ikiwa bado inahesabu, teremsha disjonkteri kubwa ya nyumba, uangalie tena. Ikisimama sasa, umeme ulikuwa unapotea ndani ya nyumba: kwenye waya, kwenye ukuta, kwenye bati, au kwenye waya iliyopelekwa chumba cha nyuma. Acha disjonkteri chini, ita fundi. Ikiwa inaendelea kuhesabu hata disjonkteri ikiwa chini, kompteri ni mbovu, au mtu ameshika waya kabla ya disjonkteri yako. Peleka habari kwa watu wa umeme. Usipande kukata mwenyewe, na usigombane na jirani usiku.

6. VIPIMO VYA KUNUNUA

Sokoni vimekuja vipimo vya nyumbani vya namna mbili.

Cha kwanza kinaingia kwenye prizi, na chombo kinaingia ndani yake. Kinaonyesha wati, na hesabu ya siku nzima. Ni kizuri kwa frigo, kwa sababu frigo inawaka na kuzimika, na hesabu ya dakika moja haitoshi. Kiache saa 24. Soma kiasi cha juu kilichoandikwa juu yake kabla ya kukitia resho.

Cha pili kina koleo linalozunguka waya ndani ya kasha la umeme, na namba zinaonekana kwenye kioo kidogo au kwenye simu. Koleo halikati waya, ndiyo maana watu wanafikiri ni mchezo. Ndugu, si mchezo. Kufungua kasha ni kazi ya fundi, umeme ukiwa umekatwa. Fundi atazungushia waya moja tu, ile ya fazi. Ukizungushia mbili pamoja, zinafutana, na kipimo kinaonyesha karibu sifuri. Tena, koleo likiwa kwenye waya yenye umeme, usichomoe kamba yake kutoka kwenye kipimo: kwa makoleo mengine, nchani mwa kamba hiyo panaweza kutokea umeme mkali.

Jambo lingine. Makoleo mengi ya bei ndogo yanapima ampere tu. Volti wanazikadiria 220. Lakini sisi tunajua jioni, watu wote wakipika, volti zinashuka. Zikiwa 170, resho ya wati 2.000 inatoa kama 1.200 tu. Ndiyo maana bukari haiivi, wala si kosa la mama. Saa hizo usiamini wati zote za kipimo cha namna hiyo. Na frigo ichomoe mpaka umeme upate nguvu, mota yake isiungue.

7. KOMPTERI INAHESABU, HAIOKOI

Hapa msome polepole.

Umeme wa miliampere 30 ukipita kifuani unaweza kuzuia pumzi, na ukizidi kidogo unaweza kuvuruga moyo mpaka kifo. Kwa volti 220, miliampere 30 ni wati 6 na nusu tu, chini ya ampuli moja ndogo! Kompteri yako inaweza isionyeshe tofauti hata kidogo. Kwa hiyo daftari zuri si ulinzi. Ulinzi ni disjonkteri diferansieli ya miliampere 30, pamoja na waya ya udongo iliyofungwa vizuri. Diferansieli ina kifungo cha majaribio: kibonyeze kila mwezi. Isiporuka, imekufa, ibadilishwe.

Ampere nazo zisizidi. Resho wati 1.500, pasi 1.000, birika 2.000: jumla 4.500, yaani ampere zaidi ya 20. Ukizitia zote kwenye ralonji moja ya ampere 10, waya inapikika ndani ya ngozi yake, na moto unaanza watu wakiwa wamelala. Prizi ikiwa ya moto mkononi, au ikinuka, zima.

Mtu akikuambia atakuunganisha nje ya kompteri ili usilipe, mkatalie. Mara nyingi waya ya namna hiyo haina disjonkteri wala fundi anayeijua.

Na kupunguza umeme kusituletee kifo kingine. Mbabula ya makala isilale ndani ya chumba mlimolala. Hewa mbaya yake haionekani, hainuki, na inaua watu usingizini.

8. MTU AKIPIGWA NA UMEME

– Usimshike. Kata umeme kwanza. Ukishindwa, simama juu ya ubao mkavu, msukume kwa mti mkavu. Waya ya barabarani iliyoanguka usiikaribie kabisa.
– Asipopumua, tuma mtu kuita msaada. Bonyeza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu, kifua kishuke sentimeta 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Usichoke mbele ya msaada kufika, badilishaneni.
– Palipoungua, mimina maji safi ya baridi dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno wala majivu.
– Alete lupitalo, hata akisema «mimi mzima». Umeme unaunguza ndani kuliko nje, na moyo unaweza kusumbuka baadaye. Mama mwenye mimba asikawie hata saa moja.

9. MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Nyumba yetu inakula kilowati-saa ngapi kwa siku?
2. Vyombo vyote vikizimwa, kompteri inasimama?
3. Waya ya nguo imefungwa wapi? Ikiwa ni chuma kwenye bati, leo hii weka kamba ya nailoni, uifunge kwenye miti.
4. Je, tuna diferansieli? Ni nani aliyeijaribu mara ya mwisho?
5. Kila mtu wa nyumba, hata mtoto, anajua disjonkteri iko wapi?

Yule mama amepona. Kiganja chake kinafunga na kufunguka, anasonga bukari kama zamani. Nilipopita kwao, nilikuta kamba ya nailoni kati ya miti miwili, na daftari limening'inia karibu na kompteri. Mtoto wa kike wa darasa la tano ndiye anayeandika. Alinionyesha namba za juma lile: 6,2, 6,8, 6,4.

Nikamwambia: «Mwanangu, mgonjwa hana homa.»

Ndugu, nunua daftari juma hili.