Lugha Aielewayo Mwajiriwa

Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya (2007) kinamhusu mwanaisimu pia. Kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au udhaifu wa mwili, mwajiri sharti amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi amtakaye. Aghalabu lugha hiyo ni Kiswahili. Hapo ndipo utata huzuka, maana wengi wetu huchanganya ‘kufutwa’ na ‘kupunguzwa’. Kwa kifungu cha 40, anayepunguzwa hulipwa ujira wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliokamilisha kazini. Anayefutwa kwa kosa hapati malipo hayo. Mfasiri atakayelegeza kitenzi humpokonya mtu miaka yake.