Tufaha ni zuri. Na papai lako je?

Ndugu msomaji, leo tujifunze juu ya matunda. Tutaanza na tufaha, ambalo wengi wetu tunaliita epo. Ukifika mjini Bariadi utaliona limepangwa mezani, jekundu au la kijani, linang'aa. Mtu akienda kumtazama mgonjwa hospitalini hupenda kumpelekea tunda hili. Kwa hiyo wengi wanafikiri kwamba tufaha lina nguvu kuliko matunda mengine yote. Je, ni kweli? Kabla ya kujibu, nitakusimulia kosa langu mwenyewe.

MAMA NA MATUFAHA MATATU

Nilipotoka chuoni na cheti changu, nilipangiwa kazi katika zahanati ya kijiji. Siku moja alikuja mama mmoja na mtoto wa miaka miwili. Viganja vya mtoto vilikuwa vimepauka. Alikuwa na upungufu wa damu. Nilimpima, nikampa dawa. Kisha nikamwambia mama, "Mpe na matunda, kama vile matufaha." Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosoma. Sikumwuliza nyumbani kwake kuna nini.

Mama alitii. Aliuza kuku, akapanda gari mpaka mjini, akanunua matufaha matatu. Aliyakata vipande vidogo vidogo ili yasiishe upesi. Yaliisha kwa siku nne.

Baadaye nilikwenda nyumbani kwake kumwona mtoto. Nyuma ya nyumba niliona mipapai mitano imezaa. Mapapai mabivu yalikuwa ndani ya kapu, tayari kwenda mnadani. Nikauliza, "Mama, mtoto anakula haya?" Akajibu, "Hapana, daktari. Haya ni ya kuuza. Wewe ulisema matufaha."

Niliona aibu. Chakula cha mtoto kilikuwa nyuma ya nyumba, nami nilimtuma mama mjini.

TUFAHA LINA FAIDA GANI?

Tufaha ni tunda zuri. Lina nyuzinyuzi nyingi, hasa ukilila pamoja na ganda lake. Nyuzinyuzi hulainisha choo. Pia husaidia kupunguza mafuta mabaya katika damu. Mtu akilila tufaha zima, sukari yake huingia mwilini pole pole. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kulinunua, na alile.

Lakini mtufaha unapenda baridi. Hapa Tanzania hustawi nyanda za juu, kama vile Njombe na Lushoto. Mengine huletwa kutoka Afrika Kusini. Sisi wa Simiyu tunaishi katika joto. Tufaha linatufikia baada ya safari ndefu, na safari hiyo tunailipia sisi.

TULINGANISHE

Vitamini C husaidia mwili kuponya vidonda na kulinda fizi. Tukipima gramu 100 za kila tunda, tutapata hivi:

Tufaha: kama miligramu 5 za vitamini C.
Embe: zaidi ya miligramu 30.
Papai: kama miligramu 60.
Pera: zaidi ya miligramu 200.

Umeona, ndugu msomaji? Kwa vitamini C, pera linalookotwa na watoto chini ya mti linalishinda tufaha mara nyingi. Ubuyu nao una vitamini C nyingi. Embe bivu na papai bivu vinaupa mwili vitamini A pia. Vitamini A hulinda macho. Mtoto anayeikosa kwa muda mrefu huanza kushindwa kuona vizuri jioni, na anaweza kuwa kipofu.

TUNDA NA DAMU

Mwili unahitaji madini ya chuma ili kutengeneza damu. Madini hayo yamo katika choroko, maharage na mboga za majani. Lakini mwili huyapokea kwa shida kutoka katika vyakula hivyo. Vitamini C huusaidia mwili kuyapokea. Kwa hiyo kula tunda pamoja na ugali na mboga yako, au mara baada ya kula. Chai huzuia madini hayo. Usinywe chai pamoja na chakula. Ngoja kama saa moja.

TUFANYE NINI?

1. Kula tunda kila siku, si siku ya kuugua tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku.

2. Maembe yakiisha, tumia mapapai, mapera, ukwaju na ubuyu. Unga wa ubuyu utie katika uji baada ya kuuepua, kwa maana moto huharibu vitamini C. Ubuyu mwekundu wa dukani umetiwa sukari na rangi. Ule mweupe wa mbuyuni ni bora.

3. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu. Akitimiza miezi sita, mpondee papai au embe bivu. Usimpe mbegu za ubuyu wala vipande vigumu, asije akapaliwa.

4. Osha mikono, kisha osha tunda kwa maji safi na salama. Tunda chafu huleta kuhara.

5. Panda mipapai miwili au mitatu karibu na mahali pa kuogea, ili ipate maji wakati wa kiangazi.

Sisemi usiuze matunda. Fedha ya daftari na sabuni inatoka humo. Nasema hivi: kabla kapu halijaenda mnadani, toa kwanza la watoto.

Yule mama alifanya hivyo. Mtoto aliendelea na dawa, akalala ndani ya chandarua, akala papai pamoja na choroko. Baada ya miezi michache viganja vyake vilikuwa na rangi. Papai peke yake halikumponya. Vyote vilisaidiana. Ukiona mtoto wako amepauka, anachoka upesi au anahema kwa shida, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Usingoje tunda limponye.

Nami siku hizi, kabla ya kumshauri mgonjwa, huuliza kwanza: "Nyumbani kwenu kuna mti gani?"

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mtoto yule hakupewa papai?
2. Taja matunda yanayopatikana kijijini kwenu sasa. Nani anayala?
3. Kwa nini ni vizuri kula tunda pamoja na choroko au mboga za majani?
4. Kaya yako itapanda mti gani mvua zikianza?