Likizo ya Wawili: Safari ya Kwenda Kwenye Zabibu

Mada yetu mwezi huu ni likizo ya mume na mke. Wengi wetu hapa Eldoret tukisema tumesafiri, tulikwenda matangani, harusini au kumpeleka mtoto shuleni. Ni wangapi kati yetu wamewahi kufunga safari wawili tu, kwa ajili ya ndoa yao? Nitatoa mfano wa nyumba yangu, ingawa haunipi sifa.

KOSA LANGU
Mwaka huu tunatimiza miaka 20 ya ndoa. Kwa muda mrefu nimetamani kuiona Dodoma, nchini Tanzania, mahali mizabibu inapostawi. Basi niliweka kando pesa za magunia machache ya mahindi, nikaulizia nauli, kisha nikamwambia mke wangu, nikitazamia vigelegele. Akanyamaza. Nilidhani anawaza karo. Siku ya nne, tukikamua ng'ombe, alisema: "Baba watoto, umeacha pombe miaka 9. Sasa unataka nikusindikize mahali inakotoka?"

Nilitaka kukasirika. Halafu nikakumbuka ni nani aliyekuwa akinifungulia mlango usiku wa manane, na nani aliyeuza kuku ili watoto wapate madaftari. Mimi nilikuwa nimeisahau miaka ile. Yeye hakuisahau.

Hapo nilijifunza somo la kwanza: panga pamoja tangu mwanzo. Zawadi uliyoipanga peke yako yaweza kugusa kidonda ambacho mwenzako hajakuonyesha. Kabla ya kuulizana "pesa ngapi?", ulizaneni "unaogopa nini?"

IJUENI SAFARI
Baada ya kusameheana tuliketi mezani na daftari. Somo la pili ni kuijua safari yenyewe, maana hofu nyingine hupungua mtu akipata habari.

Zabibu za Dodoma zina uhusiano na Kanisa. Wamisionari Wakatoliki walizipanda katika misheni ya Bihawana, nje kidogo ya mji, ili wapate divai ya Misa, kwa kuwa Kanisa hudai divai ya Misa itokane na zabibu halisi. Kutoka hapo kilimo kikaenea kwa wakulima wa kawaida. Dodoma ni nchi ya ukame na jua kali, na mzabibu ukitunzwa huko huvunwa mara mbili kwa mwaka: karibu na Machi, na tena karibu na Agosti na Septemba. Agosti watoto wetu wako likizoni, na shangazi yao anaweza kukaa nao.

Kutoka Eldoret ni kama kilomita 1,000, kupitia Nairobi, Namanga, Arusha, Babati na Kondoa. Msijaribu kuimaliza kwa siku moja, laleni Arusha. Karibu na Kondoa, pale Kolo, kuna michoro ya kale kwenye miamba, ambayo UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka 2006. Dodoma mjini kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, mnakoweza kusali Jumapili. Tayarisheni mapema pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari.

Kwa wasioweza kufika mbali, upande wa Naivasha nako kuna mizabibu. Umbali si kitu. Kilicho muhimu ni kuwa pamoja.

PESA
Somo la tatu: karo ya Januari haiguswi. Sisi tumekubaliana kuweka pesa ya maziwa kidogo kila wiki, naye mama watoto ndiye mshika mfuko. Andikeni nauli, malazi, chakula na akiba ya ugonjwa. Msikope kwa ajili ya kustarehe. Deni litawangoja mlangoni mkirudi.

MAKUBALIANO JUU YA DIVAI
Divai si dhambi. Bwana wetu mwenyewe aliitengeneza harusini Kana. Lakini kinachomfurahisha mmoja chaweza kumwangusha mwingine, na mwenye kujua udhaifu wake asijipime nguvu ugenini. Hata kwenye Misa, anayepokea umbo la mkate peke yake hupokea Kristo mzima, hakosi kitu.

Basi tumeandika hivi: tutatembea mashambani, tutakula zabibu zenyewe, wala hatutaingia mahali pa kuonja divai. Tena tumefanya mazoezi. Mke wangu alijifanya mwenyeji, akaninyoshea kikombe cha maji, akasema, "Karibu, mgeni, kidogo tu!" Nami nikajibu, "Asante mama, mimi situmii." Tulicheka sana. Akaniambia nirudie, safari hii bila kuangalia chini.

Mkiona hata makubaliano hayo hayaleti amani, badilisheni mahali pa kwenda. Mlima na ziwa zipo. Mimi nilimwambia mke wangu kwamba akisema hapana, tutakwenda kwingine bila kinyongo. Alifikiri juma zima, kisha akasema, "Twende. Lakini twende wote wawili, si wewe kunipeleka."

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI
1. Mara ya mwisho tulisafiri wawili tu lini?
2. Kuna jambo gani la zamani ambalo mwenzangu bado analiogopa, nami nimelisahau?
3. Nani hushika pesa za safari, na je, tulikubaliana?
4. Ni jambo gani moja tutakaloacha ili mwenzetu apumzike kwa amani?

Jibuni jioni moja, redio ikiwa imezimwa na watoto wamelala. Mungu azibariki ndoa zenu.