Mas'ala ya Vinywaji vya Kutuliza Moyo, na Hukumu ya Kungumanga

Bismillahi Rahmani Rahim. Ama baad. Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa kutafuta utulivu kwa kinywaji cha halali si jambo la lawama. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Bibi Aisha (r.a.) akiamrisha wagonjwa na waliofiwa wapewe talbina, nayo ni uji mwepesi wa shayiri, kwa alivyomsikia Mtume (s.a.w.) kwamba humpumzisha mgonjwa moyo na kumpunguzia mtu huzuni.

Sisi watu wa pwani tunao mchaichai, nanaa na mrehani. Majani yatiwe katika maji yaliyochemka, kisha yafunikwe; yakiachwa wazi, harufu yake hupotea pamoja na mvuke. Mtu anywe kikombe baada ya Isha. Haya hayana shaka, ila wako wanaoyajaza sukari hata yakawa sherbeti.

Lakini jihadhari na majina. Nanaa ni jani la chai. Mnanaha ni mmea mwingine kabisa, wenye ua kubwa mfano wa tarumbeta na tunda la miiba. Huo ni sumu. Hukausha kinywa, hupanua mboni za macho, na humpoteza mtu akili hata akasema na asiyekuwapo. Basi usimtume mtoto kuchuma.

Ama lililo zito katika mlango huu ni kungumanga, ambayo wengine huisaga na kuinywa ili wapate usingizi. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 wa Hijra, aliiharimisha. Shihabuddin ar-Ramli, aliyefariki mwaka 957, alijuzisha kichache chake na kuharimisha kingi, kwa kuwa hupumbaza akili. Na asili ya kauli hii ni kwamba madhehebu yetu ya Shafi hutenga baina ya kileo cha maji, ambacho hata tone lake ni haramu na najisi, na kitu kikavu chenye kupumbaza, ambacho ni tohara, na haramu yake i katika kile kiasi chenye kugusa akili. Kwa hiyo chembe iliyokunwa juu ya maziwa haina makosa kwa kauli hiyo. Mwenye kusaga kokwa nzima amevuka mpaka.

Na matabibu wa leo wasema kwamba gramu 5, nazo ni kadiri ya kokwa moja, zaweza kumdhuru mtu: moyo humwenda mbio, kichwa humzunguka, akaona yasiyokuwapo, na huenda hali hiyo ikadumu siku nzima. Tena athari yake huchelewa saa kadhaa. Mtu hunywa, akaona hapana kitu, akaongeza. Kisha yote humjia pamoja, na Alfajiri ikampita.

Sala hiyo ni juu yake kuilipa, kwa kuwa amejiondolea akili kwa kusudi. Aliyekunywa hali hajui kuwa hupumbaza, kadha haimlazimu. Ama wewe umekwisha kusoma. Wallahu aalam.