JUMAPILI ISIYO NA PADRE NI JUMAPILI BADO

Katika vigango vyetu vingi kengele ya Jumapili ni kipande cha chuma tu kilichotundikwa mtini. Kikigongwa asubuhi, watu huulizana njiani: “Je, leo padre anakuja?” Wakijibiwa kwamba padre yuko kigango kingine, na ya kuwa katekista ndiye atakayeongoza ibada, mmoja huendelea na safari yake ya kanisani, na mwenziwe hugeuka akarudi nyumbani. Huyo wa pili husema, “Kama hakuna Misa, niende kufanya nini? Nitakwenda padre atakapokuja.”

Ndugu wasomaji, neno hilo twalisikia mara nyingi mno, nalo halifai kupita bila kujibiwa. Parokia moja yaweza kuwa na vigango kumi au zaidi, na mapadre wawili tu, pengine mmoja. Hesabu yenyewe yatuonyesha kwamba kigango cha mbali kitapata Misa mara moja kwa mwezi, au hata mara chache kuliko hivyo. Basi, ikiwa familia husali pamoja na wenzao siku ya padre tu, Jumapili zake nyingi za mwaka zitakuwa sawa na siku ya soko. Watoto wanaolelewa hivyo watajifunza nini juu ya Siku ya Bwana? Kwa hiyo twataka leo tulichungue jambo hili polepole, tupate kujua Kanisa linafundisha nini, na sisi tufanye nini.

Kwanza, Jumapili ni nini?

Jumapili haikuanzishwa na mapadre, wala haitegemei ratiba ya paroko. Ni siku aliyofufuka Bwana wetu Yesu Kristu, nayo ilishikwa na Wakristu tangu nyakati za Mitume. Mtakatifu Yustino, aliyeandika mjini Roma yapata mwaka 155, ametueleza jinsi waamini wa siku zake walivyoiadhimisha. Watu wa mjini na wa mashambani walikusanyika mahali pamoja. Maandiko ya Mitume na ya manabii yalisomwa kwa kadiri ya nafasi. Kiongozi wao aliwaonya wayafuate mema yale waliyoyasikia. Wote walisimama wakasali. Kisha mkate na divai vililetwa, shukrani ikatolewa, watu wakakomunika, na mashemasi wakawapelekea sehemu yao wale wasioweza kufika. Mwisho, wenye mali walitoa kwa hiari yao, na vitu hivyo viliwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Angalieni vizuri mpango huo. Misa ndiyo kilele chake, lakini ndani yake mna pia kukusanyika, kusikiliza Neno, kuombeana, na kuwakumbuka maskini na wasiokuwapo. Padre asipokuwapo, tumekosa lile lililo kuu. Lakini je, tumekatazwa hayo mengine? La, hasha.

Nao Waafrika wenzetu wa zamani walijua thamani ya siku hiyo. Mwaka 304, katika mateso ya Kaisari Diocletian, Wakristu 49 wa Abitinae, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Tunisia, walikamatwa kwa sababu walikusanyika Jumapili nyumbani kwa mtu wakati mikusanyiko hiyo ilikuwa imepigwa marufuku. Walipelekwa Carthage kuhukumiwa, na walipoulizwa kwa nini wameiasi amri, jibu lao lilikuwa kwamba bila kuiadhimisha Siku ya Bwana hawawezi kuishi. Wao walizuiliwa na serikali wakaenda. Sisi hatuzuiliwi na mtu, nasi twageuka njiani!

Pili, Kanisa linaagiza nini?

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1247, yawataka waamini kushiriki Misa siku ya Jumapili na sikukuu zilizoamriwa. Lakini Kanisa ni mama, halimlazimishi mtoto wake jambo lisilowezekana. Kanuni ifuatayo, ya 1248, yasema kwamba padre akikosekana, au kwa sababu nyingine nzito Misa isipowezekana, yapendekezwa sana waamini washiriki ibada ya Neno katika kanisa lao au mahali pengine patakatifu, kwa utaratibu wa Askofu, au wasali kwa muda wa kutosha, mtu binafsi au pamoja na jamaa yake.

Jambo hili si la jana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulihimiza ibada za Neno la Mungu hasa mahali pasipo na padre. Na mwaka 1988 Roma ilitoa mwongozo maalumu kwa ajili ya ibada za Jumapili zinazofanyika bila padre.

Mwongozo huo watuepusha na makosa mawili yanayovuta kila upande. Kosa la kwanza ni kusema kwamba ibada hiyo si kitu. Kosa la pili ni kuidhania kuwa Misa. Yote mawili hudhuru. Ndiyo maana katekista haketi katika kiti cha padre, wala hasemi Sala ya Ekaristi, wala hakuna kutolewa mkate na divai altareni. Masomo ni yale yale ya Jumapili ile yanayosomwa na Kanisa zima. Hufuata maelezo, sala za waamini, shukrani na Baba Yetu. Mahali palipo na mhudumu aliyepewa ruhusa, na Ekaristi imehifadhiwa toka Misa iliyotangulia, watu hukomunika. Tena mwongozo wasema wazi: ikiwezekana kufika kanisa la jirani lenye Misa, hilo ndilo la kutafutwa kwanza. Kijana mwenye baiskeli na afya nzuri asijifiche nyuma ya kikongwe asiyeweza kutembea.

Basi, ibada ya kigango haizimi njaa ya Misa. Kazi yake mojawapo ni kuilinda njaa hiyo isife. Aliyekaa nyumbani miezi miwili hamngoji padre kwa hamu, amekwisha kumsahau.

Tatu, mfano wa wazee wetu.

Mapadre wa kwanza Wakatoliki walifika Buganda mwaka 1879. Novemba 1882, kwa sababu ya hatari zilizowazunguka, wakaondoka wakavuka ziwa kuelekea kusini, wasirudi mpaka Julai 1885. Hiyo ni karibu miaka mitatu. Waliowaacha nyuma walikuwa wachache, nao walikuwa wachanga katika imani. Je, walisema, “Tutasali padre atakaporudi”? Sivyo. Watu kama Yosefu Mukasa Balikuddembe waliwakusanya wenzao, wakasali nao na kuwafundisha wakatekumeni. Mapadre waliporudi hawakukuta magofu, bali walikuta jumuiya iliyokuwa imeongezeka. Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, na Karoli Lwanga akaishika kazi ya kuwaongoza vijana mpaka kifo chake kule Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Tunawaheshimu leo kama Watakatifu Mashahidi wa Uganda. Yafaa tukumbuke kwamba kabla ya siku ile ya moto walikuwa na Jumapili nyingi za kimya zisizo na padre, na ndizo zilizowatayarisha.

Nne, Jumapili huanza Jumatatu.

Mwalimu yeyote ajua kwamba mtoto asiyegusa daftari wiki nzima hafaulu siku ya mtihani. Vivyo hivyo ibada ya Jumapili huwa baridi kwa sababu juma zima lilikuwa baridi. Hapo ndipo twaona hekima ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristu. Mwaka 1973 maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, waliona kwamba maisha ya Kanisa yawe na msingi katika jumuiya za majirani. Na mwaka 1976 wakalifanya jambo hilo kuwa shabaha ya kwanza ya kazi yao. Wahenga walisema, “Fimbo ya mbali haiui nyoka.” Padre yuko mbali, lakini jirani yuko karibu. Mama mzee akizidiwa usiku, ajuaye ni jirani. Mtoto akiacha mafundisho ya komunyo ya kwanza, aonaye ni jirani. Na mgonjwa akihitaji Mpako Mtakatifu, mtu wa jumuiya ndiye atakayepeleka habari parokiani mapema. Ni huzuni kubwa mgonjwa akifa bila Sakramenti, si kwa sababu padre alikataa kuja, bali kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Lakini jumuiya nyingine zimepotoka zikawa mahali pa kusoma orodha ya michango tu. Michango ni ya lazima, maana kanisa halijengwi kwa maneno, na Yustino mwenyewe ametuonyesha kwamba kutoa ni sehemu ya Jumapili. Lakini mtu maskini akiona kwamba kila akienda ataulizwa fedha kabla ya kuulizwa hali yake, atajificha. Injili isomwe kwanza, tena isisomwe mbiombio. Hali za wagonjwa na wafiwa zifuate. Kisha fedha zizungumzwe kwa haki na kwa hesabu iliyo wazi.

Liko na neno la ugomvi. Bwana wetu amefundisha kwamba mtu akikumbuka, hali analeta sadaka yake, ya kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aende kwanza akapatane naye. Majirani wawili waliogombea mpaka wa shamba wataimba vipi pamoja Jumapili? Mkutano wa jumuiya wa katikati ya juma ndio mahali pake pa kulimaliza jambo hilo, mbele ya watu wawili watatu wenye busara, kabla halijafika kortini.

Tano, tumtunze katekista.

Katekista ndiye anayebeba Jumapili hizi mabegani mwake. Hutayarisha masomo usiku baada ya kazi za shamba, huzika wafu, hufundisha watoto, naye mara nyingi hurudi nyumbani mikono mitupu. Baba Mtakatifu Fransisko, tarehe 10 Mei 2021, aliweka rasmi huduma ya katekista katika Kanisa zima, ili ijulikane kwamba huu ni wito wala si kazi ya kujaza nafasi. Na kwetu hapa wito huu umetiwa muhuri kwa damu: makatekista vijana Daudi Okelo na Jildo Irwa waliuawa huko Paimol, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1918, nao walitangazwa Wenye Heri mwaka 2002. Kigango kinachomwachia katekista wake njaa, kisha kikamcheka anapokosea kusoma, hakina haki ya kulalamika kwamba ibada haina ladha.

Sasa, yatupasa kufanya nini? Twawashauri akina baba na akina mama mambo haya:

1. Jumamosi jioni someni pamoja Injili ya kesho yake. Dakika kumi zatosha. Mtoto aliyeisikia nyumbani atasikiliza kanisani.

2. Jumapili nendeni wote, padre awepo asiwepo. Akina baba wasiwatume watoto na mama yao, kisha wao wakabaki barazani. Mtoto hufuata miguu ya baba yake kuliko maneno yake.

3. Ijumaa kumbukeni mateso ya Bwana kwa kujinyima kitu, na kile mlichojinyima kipatieni mwenye shida aliye karibu nanyi.

4. Kila juma mtembeleeni mtu mmoja asiyeweza kufika kanisani. Mwambieni yaliyosomwa, msali naye, na mchukue habari zake.

5. Padre akija, msije kama watazamaji. Kitubio kitayarishwe, wagonjwa watajwe, watoto wa ubatizo wawe wamefundishiwa wazazi wao. Siku moja ya padre iliyotayarishwa vema yazidi siku tano za kukurupuka.

6. Ombeni miito mitakatifu, tena msimzuie mwana wenu anayetaka kwenda seminari. Hatuwezi kulia kwamba mapadre ni wachache, hali kila nyumba yangoja mtoto wa nyumba nyingine.

Twaweka hapa maswali matatu ya kuzungumza katika jumuiya zenu juma hili. Je, katika mtaa wetu ni nani ameacha kuja Jumapili, na nani amekwenda kumwuliza kwa nini? Je, mgonjwa akizidiwa usiku, sote twajua habari ipelekwe kwa nani? Je, katekista wetu anaishije?

Msiyajibu kwa lawama. Yajibuni kwa kugawana kazi: fulani amtembelee yule, fulani apeleke habari hii, fulani alete debe la mahindi. Mkifanya hivyo, Jumapili ijayo itawakuta mmekwisha kuianza. Na siku padre atakapofika, atakuta familia ya Mungu iliyokuwa ikimngoja kwa magoti na kwa mikono, nayo Misa ile itakuwa kweli karamu ya watu wenye njaa.