Bustani ya Mboga Nyumbani: Udongo wa Kichanga na Maji ya Chumvi Katika Ukanda wa Pwani

Mada ya bustani huonekana nyepesi, na ndiyo maana huwapotezea wengi alama. Ukiulizwa ueleze mambo ya kuzingatia kabla ya kuanzisha bustani ya mboga, utaandika: udongo wenye rutuba, maji ya kutosha, mbegu bora, ulinzi dhidi ya wadudu. Hayo ni sahihi, lakini ndiyo anayoandika kila mtahiniwa. Jibu linaloongezewa alama ni lile linalotoa sababu. Udongo gani? Maji ya aina gani? Kwa nini zao hili listawi na lile life palepale?

Katika somo hili tutatumia mfano wa eneo moja: Bagamoyo na pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mapinga, kupitia Kerege na Zinga, hadi Kaole na Bagamoyo mjini. Kama nyumbani kwenu ni Njombe au Bukoba usiruke kurasa hizi. Pwani ina matatizo mengi ya bustani kwa wakati mmoja, na anayeyaelewa hapa ataweza kujibu swali la mahali popote.

Udongo

Sehemu kubwa ya ukanda huu ina udongo wa kichanga. Chembe zake ni kubwa na nafasi kati yake ni pana, kwa hiyo maji hupita haraka na hewa huingia kwa urahisi. Mizizi hupumua vizuri, na jembe halikusumbui. Hasara yake ni kwamba maji yanaposhuka huondoka na virutubisho, hasa naitrojeni. Ndiyo maana mtu anayemwaga mbolea yote siku ya kupanda huona mchicha ukiwa wa kijani wiki mbili, kisha ukageuka njano. Gawa mbolea: kidogo wakati wa kupanda, kidogo tena baada ya wiki mbili au tatu.

Dawa ya kweli ya udongo huu ni viozo. Weka samadi iliyooza au mboji, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita moja ya mraba, na urudie kila msimu, kwa sababu katika joto la pwani viozo huoza na kwisha upesi kuliko nyanda za juu. Kinyesi cha kuku kisiwekwe kibichi, kitaunguza miche. Kisha tandaza nyasi kavu juu ya tuta. Matandazo hupunguza maji yanayopotea kwa mvuke na kuuzuia udongo usichemke jua la saa saba mchana.

Umbo la tuta nalo hufuata majira. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, inua tuta ili maji yasituame. Wakati wa kiangazi fanya kinyume: chimba kidogo, panda ndani ya shimo pana lenye kingo, ili maji unayomwagilia yabaki kwenye mizizi. Watahiniwa wengi wamekariri kwamba tuta ni lazima liinuliwe. Si lazima. Tuta lililoinuliwa kwenye mchanga mwezi Januari hukauka kabla ya adhuhuri.

Maji: kiasi chake na chumvi yake

Kumbuka kanuni hii, inafaa sana kwenye maswali ya hesabu: milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Siku ya joto pwani, bustani iliyofunikwa na majani hupoteza takriban milimita 5. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 6 lina mita za mraba 6, kwa hiyo linahitaji 6 × 5 = lita 30 kwa siku, yaani ndoo moja na nusu. Matuta manne ni ndoo sita kila siku. Fanya hesabu hii kabla ya kulima, hasa kama mchotaji wa maji nyumbani ni wewe.

Sasa chumvi. Karibu na bahari, maji baridi yaliyo ardhini huelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu maji ya bahari ni mazito zaidi: uzito wake kwa ujazo ni takriban 1.025 ukilinganisha na 1.000 wa maji baridi. Tofauti ni ndogo, kama sehemu moja ya arobaini. Matokeo yake, kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini yake kabla ya kufikia maji ya chumvi. Inaonekana neema, lakini isome kinyumenyume: ukishusha kina cha maji kisimani kwa mita 1 kwa kuyavuta kupita kiasi, mpaka wa chumvi unaweza kupanda hadi mita 40. Hii ndiyo sababu kisima kilichochotwa kwa ndoo miaka mingi kinaweza kuharibika baada ya majirani wote kufunga pampu.

Chumvi huathiri mmea kwa njia ya osmosisi. Maji huelekea penye chumvi nyingi. Udongo ukiwa na chumvi nyingi, mzizi hushindwa kuvuta maji, na mmea hunyauka ilhali udongo umelowa. Dalili nyingine ni kingo za majani kuungua na utando mweupe juu ya udongo.

Mazao hayafanani katika kuvumilia. Maharage, karoti na vitunguu huumia mapema. Nyanya huvumilia kiasi. Spinachi tunayokula Tanzania, ambayo ni ndugu wa bitiruti, huvumilia vizuri zaidi. Kama kisima chenu kina ladha ya chumvi, mwagilia kwenye udongo na si juu ya majani, na mara mojamoja mwagilia maji mengi yapite chini na kuisukuma chumvi nje ya eneo la mizizi. Hapa mchanga unakuwa rafiki, kwa sababu huoshwa kwa urahisi. Mvua za masika hufanya kazi hiyohiyo bure, hivyo mazao yanayoogopa chumvi yapandwe mara tu masika yanapokwisha.

Nini kipandwe, na lini

Mchicha ni mfalme wa pwani. Hutumia aina ya usanisinuru inayofanya kazi vizuri kwenye joto na jua kali, na huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Mbegu zake ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzisia. Matembele hupandwa kwa vipande vya shina vya sentimita 25 hadi 30. Bamia iloweke usiku mmoja, na ikianza kuzaa ichume kila baada ya siku mbili, la sivyo inakuwa kuni. Kunde hukupa majani na mbegu, na huongeza naitrojeni kwenye udongo.

Nyanya inahitaji akili zaidi. Usiku wa Januari na Februari joto hubaki karibu nyuzi 25 za Selsiasi, chavua hudhoofika na maua hupukutika bila kuzaa. Wakati wa masika huja bakajani. Kwa hiyo atika kitaluni mwezi Mei chini ya kivuli cha makuti, hamishia miche Juni, ili maua yatoke kwenye baridi ya Julai na Agosti. Kagua majani uone njia nyeupe za kantangaze, mdudu aliyeripotiwa nchini mwaka 2014. Ng'oa na uharibu majani yaliyoshambuliwa. Upepo wa kusi una nguvu miezi hiyo, weka uzio wa makuti upande wa kusini.

Nyanya, nyanya chungu, bilinganya na pilipili ni familia moja. Usizifuatanishe kwenye tuta moja, kwani minyoo fundo hupenda mchanga. Hapa kuna mtego wa mtihani: mizizi ya kunde nayo ina vinundu, lakini hivyo vimeshikamana pembeni mwa mzizi, hubanduka kirahisi na ndani ni vya rangi ya waridi. Uvimbe wa minyoo fundo ni mzizi wenyewe uliovimba, haubanduki.

Na matunda madogo? Stroberi zinastawi Lushoto kwa sababu ya baridi. Pwani joto huzuia maua, na chumvi huimalizia kazi. Panda mforosadi. Kata tawi lililokomaa la sentimita 25, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu. Ukishakua, upogolee, kwa kuwa matunda hutoka kwenye machipukizi mapya.

Swali lenye jibu

*Mwanafunzi wa Kaole alipanda maharage na spinachi mwezi Januari kwa maji ya kisima kimoja. Maharage yaliungua kingo za majani, spinachi ikastawi. Eleza sababu, na umshauri.* (Alama 6)

Maji ya kisima yana chumvi. Chumvi udongoni huzuia mizizi kufyonza maji kwa osmosisi. Maharage hayavumilii chumvi, spinachi huvumilia. Januari ni kiangazi, mvuke ni mwingi, hivyo chumvi hujikusanya juu. Ushauri: aendelee na spinachi, apande maharage mwezi Juni baada ya masika kuosha udongo, aweke matandazo, na akinge maji ya mvua kutoka bati.

Jipime

1. Tuta lina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 5. Litahitaji ndoo ngapi za lita 20 kwa wiki ikiwa linapoteza milimita 5 kwa siku?
2. Kwa nini kugawa mbolea ni muhimu zaidi kwenye mchanga kuliko kwenye mfinyanzi?
3. Umeng'oa mche wa kunde na mche wa bamia, yote ina uvimbe mizizini. Utatofautishaje?
4. Chora ukionyesha maji baridi na maji ya bahari chini ya kisima, kabla na baada ya kuvutwa kwa pampu.